Baiskeli ya Kurukia Matuta Mombasa: Kuichagua na Kuiokoa na Chumvi

Fundi aligonga mara ya tatu, akaishusha nyundo, akaniuliza bila hata kunitazama: "Mwanangu, baiskeli hii yalala wapi?"

"Yalala roshani, mzee. Nyali, upande wa bahari."

"Basi usiseme umeipanda miezi minne. Bahari ndiyo iliyoipanda."

Kilichonipeleka pale chini ya mwarobaini, Majengo, ni nguzo ya kiti. Ilikuwa ya alumini, fremu ni ya chuma, na mimi sikuwa nimepaka hata chembe ya grisi kati yake. Hewa ya chumvi ilipenya, vyuma viwili visivyo vya aina moja vikaanza kulana, vikatoa unga mweupe ulioganda kama saruji. Tulijaribu mafuta ya taa. Tukajaribu maji ya moto. Tukaibana nguzo kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima. Wapi! Mwisho mzee alitoa ubapa wa msumeno wa chuma, akaufunga kitambaa upande wa kushikia, akaikereza nguzo kwa ndani, polepole, mpaka ikapata ufa wa kuiwezesha kukunjwa. Adhuhuri ilitukuta hapo, na alasiri pia.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza anunue baiskeli gani ya kurukia matuta (ya udongo, si yale ya barabarani), mimi humuuliza kwanza ataiweka wapi, na ikiharibika nani ataifungua. Majibu ya hayo mawili huamua karibu kila kitu nitakachoeleza hapa.

Ni baiskeli ya namna gani

Wenyewe huiita dati jampu. Ni baiskeli ya mlima iliyopunguzwa mambo: foki ya mbele ina shoki yenye mwendo wa milimita 100 hivi, nyuma ni fremu kavu, haina shoki. Magurudumu ni ya inchi 26, gia ni moja, kiti kimeshushwa karibu kugusa tairi, na mara nyingi breki ni moja tu, ya nyuma. Fremu ni fupi na ya chini, ili ukiwa hewani uwe na nafasi ya kuichezea. Haikukusudiwa kukaliwa. Ukitaka kuendea kazini Changamwe, tafuta nyingine, maana kwa hii magoti yatafika kifuani kabla hujavuka Makupa.

Vijana wengi wameijua kwa video za mashindano ya Crankworx kule Whistler, Kanada, wakamwona Brandon Semenuk akiruka na baiskeli yenye shoki mbele na nyuma. Ile ni ya slopstaili, ya matuta makubwa kama nyumba, na shoki ya nyuma ni beringi nyingi zaidi za kuliwa na chumvi. Kwa matuta ya kawaida haikuongezei ila gharama.

Na kuna mtego mwingine: baiskeli mpya, ya bei nafuu, yenye shoki mbili zinazong'aa, inayouzwa kama baiskeli ya mlima. Ni ya kuonekana. Ukiruka nayo mara kumi, ya kumi na moja utatembea kwa miguu.

Fremu: chuma au alumini?

Swali hili ndilo hugombaniwa zaidi, na jibu langu huwashangaza watu. Pamoja na chumvi yote hii, mimi huchagua chuma: kile cha kromoli, ambacho kwenye fremu huandikwa 4130.

Sababu ni kwamba kutu ya chuma naiona. Huanza na doa jekundu penye rangi iliyobanduka, nami nina msasa na kopo la rangi. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini chumvi huingia chini ya rangi ikatoa malengelenge, na ikichoka hupasuka bila kuaga. Chuma kwa kawaida hupinda kwanza, kikakupa nafasi ya kushuka. Tena chuma huchomelewa na fundi mwenye mkono mzuri. Alumini ikichomelewa hupoteza nguvu pale pale penye joto mpaka itiwe tena kwenye tanuri maalumu, na tanuri hilo hutalipata kwa jirani.

Lakini ukinunua ya chuma, kuna kazi ya siku ya kwanza, kabla hujaipanda. Toa nguzo ya kiti, mimina ndani mafuta mazito kiasi cha nusu kikombe, kisha izungushe pande zote mafuta yatambae kwenye kila bomba. Ilaze usiku mzima juu ya gazeti ichuruzike. Fremu nyingi za chuma huozea ndani, mwenyewe akisugua nje.

Kimo hakina mambo mengi, kwa kuwa fremu hizi hutengenezwa fupi na ndefu tu, labda na ya katikati. Simama juu ya pedali, kunja magoti, geuza usukani mpaka mwisho. Usukani ukikugusa goti, fremu ni fupi kwako.

Gurudumu, na namba ambayo wengi hawaisomi

Inchi 26 ni neema kwetu. Ulaya na Marekani maduka yamehamia 27.5 na 29, lakini huku baiskeli za mlima za mtumba zimeijaza miji na 26, kwa hiyo tyubu yake utaipata kwa fundi yeyote kuanzia Kongowea hadi Likoni.

Ila angalia. Tairi lililoandikwa 26 x 2.1 na lililoandikwa 26 x 1 3/8 si ndugu. La kwanza hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559, la pili kwenye 590. Nimeona kijana akipigana na tairi nusu saa, akadhani amekosa nguvu. Soma ubavuni: tafuta 559. Unene wa 2.1 hadi 2.3 watosha, na kashata za katikati, yaani vile vinundu vya mpira, ziwe fupi na zilizokaribiana. Kashata ndefu ni za matope ya milimani.

Habu, kile kitovu cha gurudumu, ndiyo itakayokutenganishia baiskeli ya kuruka na baiskeli ya kujifanya. Mbele tafuta ekseli nene, ya milimita 15 au 20, inayopita moja kwa moja kwenye foki. Nyuma, ekseli ya milimita 10 inayokazwa kwa nati au bolti. Ukiona kile kimkono cha kufungua gurudumu kwa vidole na kijiti chembamba ndani, jua ekseli hiyo itapinda. Spoki ziwe 32 au 36. Zikipungua hapo, uliza kwa nini.

Gia na breki

Gia moja, basi. Chukua meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa ya nyuma. Jibu likiwa kati ya 2.2 na 2.8 mko sawa. Mimi natumia 32 kwa 12, yaani pedali ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara 2.67. Matuta yetu yako karibu karibu na hayana mteremko mrefu wa kukupa kasi, kwa hiyo anayejifunza aanze na gia nyepesi, hata 36 kwa 16.

Breki za haidroliki, zinazosukumwa na mafuta badala ya waya, hushika kwa kidole kimoja, na kidole kimoja ndicho utakachokuwa nacho. Kabla ya kununua, jua zinakunywa nini. Shimano hutumia mafuta ya madini. SRAM kwa miaka mingi imetumia DOT, kama breki za gari. Usibadilishe hii kwa ile, maana mipira ya ndani itavimba na breki itakufa. DOT ni rahisi kuipata, madukani mwa vipuri vya magari imejaa, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu wa Mombasa si wa kubembeleza. Ibadilishe kila mwaka. Ukikosa vyote, breki ya diski ya waya hailaumiwi. Waya wake ni wa bei ndogo na kila fundi aujua.

Jambo dogo lenye meno: baiskeli nyingi zilizotoka Uingereza zina breki ya mbele mkono wa kulia. Ukizoea kinyume chake, ukavuta ghafla, utatua kwa uso. Jaribu ukiwa umesimama.

Ukinunua mtumba

Wengi wetu tutanunua mtumba, iliyoshuka Kilindini ndani ya kontena. Hakuna aibu. Nenda mchana, si jioni, na uende na vitu vinne: kitambaa, rula, spana za pembe sita na subira.

Anza kwa kuifuta. Muuzaji huacha vumbi palepale asipotaka uone. Futa shingo ya fremu, pale bomba la juu na la chini yanapokutana na foki, uifuate michomeleo kwa ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mstari mwembamba kama unywele, hiyo ni nyufa, na hapo hakuna mazungumzo ya bei. Fanya hivyo penye kranki, ile mikono inayoshika pedali, na chini ya bomba la chini. Rangi iliyojikunja kama ngozi ya ndizi nyuma ya shingo huonyesha fremu iligonga kitu ikasukumwa nyuma.

Kisha inue gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unajikita katikati kana kwamba kuna kishimo, beringi za shingo zimekwisha. Si balaa, hubadilishwa, lakini punguza bei.

Bonyeza foki kwa uzito wako wote. Irudi taratibu bila kugonga, wala isiache mduara wa mafuta mguuni. Pitisha ukucha kwenye zile nguzo zinazong'aa za foki: mkwaruzo unaoshika ukucha utakata sili, na sili ikikatika mafuta hutoka na mchanga huingia.

Mwisho, kamata nguzo ya kiti. Legeza, izungushe. Ikikataa, mwambie muuzaji aitoe yeye. Akishindwa, muage vizuri uondoke. Mimi sikujua hilo, na mmeshasikia nilivyoshinda siku nzima Majengo.

Kofia ngumu usinunue mtumba, kwa kuwa huwezi kujua imeshaanguka mara ngapi, na povu la ndani likishapondwa halirudi. Nunua mpya, pamoja na pedi za magoti.

Kuosha: onja maji kwanza

Tukifika kwenye matunzo, hapa ndipo mwongozo wa Ulaya unapotuacha. Wao huhangaika na tope. Sisi tuna mchanga laini, vipande vya matumbawe vinavyokata tairi ubavuni, na chumvi iliyo hewani hata usipoigusa bahari. Msimu wa kusi ndio mbaya zaidi, pepo zikivuma kutoka baharini usiku kucha.

Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvichumvi. Yaonje. Yakikukwaruza ulimi, usiyatie kwenye baiskeli, utakuwa unaipaka ugonjwa badala ya dawa. Chota nusu ndoo ya maji ya kunywa, yale yaletwayo kwa mkokoteni, yatatosha kabisa ukitumia brashi na kitambaa. Usiipeleke kunakooshwa magari. Ule mpira wa nguvu husukuma maji kupita sili mpaka ndani ya beringi, yakakaa humo yakipika kutu.

Osha kuanzia juu kwenda chini, cheni mwisho. Kausha kwa kitambaa, kisha iinue kiasi cha sentimita kumi na kuiangusha juu ya matairi. Matone yaliyojificha yatadondoka. Tena utasikia: baiskeli nzima hutoa sauti moja, tup, iliyolegea mahali hutoa mbili. Mimi huiangusha hivyo hivyo kila kabla ya kuruka, hata kama nimeiosha jana.

Na maji yakipwa, ufuo ukiwa mgumu na mpana, utashawishika kuiendesha pwani. Najua, mimi pia nimeshawishika. Ukifanya hivyo, ioshe siku ileile kabla hujala.

Cheni

Niliwahi kwenda Voi wiki tatu, nikaiacha baiskeli roshani. Niliporudi cheni ilikuwa na rangi ya bajia.

Mafundi wengi hupaka oili chafu ya gari, au grisi. Cheni hung'aa siku mbili, halafu mchanga hujishika na vyote huwa msasa unaokula meno ya sproketi. Fanya hivi badala yake: loweka brashi kwenye mafuta ya taa, sugua cheni mpaka rangi ya chuma ionekane, futa, iache ikauke kabisa. Kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, upande wa ndani, ukizungusha pedali kinyumenyume. Ni viungo karibu 90 tu. Ngoja dakika kumi, halafu futa mafuta yote ya nje. Yanayohitajika yako ndani ya pini; ya nje ni chambo cha mchanga. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hukauka upesi, kwa hiyo rudia kila wiki. Wakati wa masika, rudia kila ukinyeshewa. Na mafuta ya taa yasikaribie diski ya breki wala pedi zake. Pedi ikishanyonya mafuta hulia na haishiki tena, ubadilishe tu.

Kujua kama cheni imechakaa, chukua rula ya inchi. Anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya huishia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, nunua nyingine. Ikizidi kwa 1/8, umechelewa, na sproketi nazo zimeshaliwa.

Kuikaza hakuna ufundi mkubwa. Legeza nati za nyuma, vuta gurudumu nyuma, kaza kidogo upande wa cheni, nyoosha gurudumu likae katikati ya fremu, kisha kaza upande wa pili, ndipo ukaze zote kwa nguvu. Cheni icheze juu na chini kama sentimita moja. Zungusha pedali raundi nzima kabla ya kuridhika, maana sproketi si duara kamili na kuna mahali cheni hukaza zaidi. Ile sentimita ipime hapo.

Foki, magurudumu na bolti

Foki ya upepo haijazwi kwa pampu ya tairi, achilia mbali kompresa ya barabarani. Ina pampu yake ndogo ya presha kubwa. Mkiwa kikundi nunueni moja mtumie wote. Ukisimama juu ya pedali, foki ya milimita 100 ishuke 10 hadi 15 tu. Ikishuka zaidi itakumeza kwenye mdomo wa tuta. Futa nguzo zake kwa kitambaa safi kila ukimaliza, bila kupuliza dawa yoyote ya kutoa kutu. RockShox, watengenezaji wa foki, hupendekeza miguu ya chini ifunguliwe na mafuta yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha. Kwa mchanga wetu mimi hufungua kila saa 30, na kila mara nakuta mafuta yamegeuka kijivu.

Matairi, jaza kati ya paundi 40 na 60 kulingana na uzito wako, ukiangalia kikomo kilichoandikwa ubavuni. Ukitua ukasikia rimu ikigonga, ongeza tano.

Spoki zishike mbilimbili, zibane kwa kiganja, zunguka gurudumu lote. Iliyolegea utaihisi mara moja. Ikaze robo mzunguko, si zaidi, uangalie rimu kabla ya kuongeza.

Beringi za shingo hulegea kwa kutua. Geuza gurudumu la mbele likae pembeni, shika fremu, sukuma mbele na nyuma. Ukisikia kugota, kaza. Wengi hukosea hapa: bolti ya kofia ya juu haikazi kitu mpaka kwanza ulegeze zile mbili za pembeni zinazobana shingo ya usukani. Legeza hizo, kaza ya juu mpaka mgoto uishe na usukani bado uzunguke laini, nyoosha usukani, ndipo ukaze za pembeni.

Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ukisahau hilo utaikaza mpaka uharibu kranki.

Mara moja kwa mwezi, toa nguzo ya kiti, ifute, paka grisi, rudisha. Toa pedali, paka grisi kwenye nyuzi, rudisha. Bolti zilizoshika kutu zibadilishe kwa za chuma cha pua, ila za breki na za usukani nunua zenye nguvu ileile ya zilizotoka, zisije zikakatika. Kazi yote ni robo saa na kopo dogo la grisi ya beringi.

Pa kuilaza

Roshani hapana. Ua hapana, hata ukiifunika turubali, kwa kuwa turubali hufungia unyevu ndani na kuipikia palepale. Iingize ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, iegemee ukuta mkavu.

Yangu sasa hulala nyuma ya mlango wa sebule. Mama alilalamika wiki mbili mfululizo. Siku hizi hutundika kanga zake kwenye usukani, nami nimemwomba jambo moja tu: zisiwe mbichi.